Ukisimama Ndipo Wanakupata: Wadudu na Safari Ndefu ya Baiskeli

Hii ni ile hotuba niliyotoa Jumapili asubuhi pale Mama Ngina, hapa Mombasa, kwa kundi letu la baiskeli, wale wanaojitayarisha kwenda Tanga kupitia Lunga Lunga na wale wenzao wa Voi mpaka Taveta. Wengi hamkufika, wengine mvua, wengine arusi, na tangu siku ile simu yangu haipoi, "dadangu tuandikie basi". Haya nimeandika, vile vile nilivyoongea, isipokuwa zile picha nilizokuwa nikizipitisha mkono kwa mkono nimeziacha maana nyingine si za kutazama mtu akiwa anakula.

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, heshima zenu. Nyinyi vijana mnaoegemea baiskeli kule nyuma sogeeni bwana, mimi nimezoea kuongea kwenye kaunta ya duka la dawa, sina sauti ya mnada.

Nimeambiwa niongee kuhusu wadudu. Na najua mnachotaka. Mnataka niwatajie dawa moja, mupake, muende zenu. Kila mkikaribia kusafiri nawaona dukani, mtu anaingia na helmeti kichwani, hata hajashusha pumzi, "dada nipe ile kali". Kali ya nini? "Ya wadudu." Wadudu gani? Kimya. Jamani, nauliza, wadudu gani? Mbu ni mdudu. Mbung'o ni mdudu. Nyuki ni mdudu, kunguni ni mdudu, na hao wanne hakuna anayetoka saa moja na mwenzake wala anayependa kitu kimoja na mwenzake wala anayekimbiwa kwa njia moja na mwenzake. Ile kali yako itamsumbua mmoja, huyo wa pili hana hata habari nayo, na wa tatu ukimpulizia ndio umemkasirisha.

Sasa nawapa neno langu la leo mapema, ili mwenye haraka aende. Ukiwa juu ya baiskeli, unakwenda, wadudu wengi hawakuwezi. Ukisimama ndipo wanakupata. Mwaniskia? Ukisimama ndipo wanakupata! Mtu anapanga kilomita, anapanga milima, anapanga maji na tende na mahamri ya njiani. Nani hapa amepanga atasimama wapi na saa ngapi? Inueni mikono nione. Nauona mkono mmoja, na huyo ni mpishi.

Tuanze na mbu, maana ndiye tunayemdharau kwa kumzoea. Mbu ni mdhaifu wa kuruka, feni tu inamshinda, kwa hiyo hata ile baiskeli ya muuza mkate inayolia kii kii kila tairi likizunguka, mbu hatoifuata. Lakini hebu simama. Umetoka kupanda kilima, mwili moto, unahema, jasho linatiririka mpaka kwenye soksi. Mbu anatafuta nini? Anafuata hewa tunayoitoa tukipumua, ile kaboni dayoksaidi, anafuata joto la mwili, anafuata harufu ya jasho. Yani mpanda baiskeli aliyesimama ana vyote vitatu kwa wingi kuliko mtu yeyote aliyekaa barazani kwake.

Kuna kijana wetu mmoja, hayuko leo kwa hivyo namsema vizuri. Walikuwa wakienda Malindi, wameshapita Kilifi, wako ile sehemu barabara inapakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kabla hujafika Gede. Pancha. Na saa yenyewe ndiyo ile ya magharibi, jua limeshashuka nyuma ya miti. Sasa kubadilisha tyubu si kazi ya mtu kulala njiani, lakini tyubu ya akiba nayo ikawa na tundu, ikabidi ibandikwe kiraka kwa mwanga wa simu, na yeye amevaa kaptura, miguu wazi, ameinama, mikono yote miwili imeshika tairi hata kofi hawezi kujipiga. Dawa ya mbu anayo! Aliinunua kwangu mimi mwenyewe. Iko wapi? Iko chini kabisa ya begi, chini ya nguo, chini ya sufuria. Wiki mbili baadaye akaja dukani anataka dawa ya maumivu, ati ni uchovu wa safari, miguu haijazoea. Nikamtazama macho, nikamwambia sikuuzii kitu, nenda ukapime kwanza. Malaria.

Kwa hiyo sikilizeni, hili ni jambo dogo na halina gharama. Dawa ya mbu haikai na mswaki, haikai na manukato. Inakaa mfuko mmoja na pampu na viraka. Ukishika pampu umeishika na yenyewe. Pancha ndiyo saa yako ya kuumwa, basi dawa na pampu zisiachane. Mbu wa malaria anauma kuanzia giza likiingia mpaka alfajiri, kwa hivyo mpango wenu wa siku uwe ni kufika kabla ya magharibi, na kama hamtafika, mnasimama wakati jua bado lipo, mnavaa mikono mirefu na suruali, mnapaka, ndio mnaendelea.

Na huyo ni wa usiku. Wa mchana je? Yupo, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayependa vifundo vya miguu. Watu wa Mombasa hamhitaji kuhadithiwa huyu. Ndiye aliyetuletea homa ya dengi hapa 2013, ndiye wa chikungunya, ile homa ya maumivu ya viungo, 2004 ilianzia Lamu ikatufikia, halafu ikarudi tena mwisho wa 2017 mpaka 2018, watu wanatembea wameinama kama wazee (mamangu mdogo mpaka alikuwa hawezi kufungua kifuniko cha chupa). Sasa mbu huyu anazaa wapi? Anazaa kwenye maji yaliyosimama ndani ya vyombo, mapipa, vifuu vya nazi, na anapenda sana tairi kuukuu zilizoshika maji ya mvua. Tairi kuukuu! Na nyinyi mkitafuta kivuli mchana mnakaa wapi? Kwa fundi wa pancha, juu ya tairi! Mnakunywa soda, mnapiga soga, na chini yenu kuna kiwanda. Simsemi fundi vibaya, naye anatafuta riziki, nasema kaeni upande wa pili wa barabara.

Kuhusu dawa yenyewe ntasema haraka maana mambo haya yameandikwa kwenye chupa na hamsomi. Tafuteni yenye DEET kiasi cha asilimia 20 mpaka 30, au yenye ikaridini. Krimu ya jua kwanza, subiri iingie, halafu dawa ya mbu juu yake, si kinyume. Jasho linaitoa kwa hivyo inarudiwa. Na hii ya DEET ina tabia moja ambayo mtu wa kukaa nyumbani haimhusu lakini mpanda baiskeli inamhusu sana, inakula plastiki. Kuna dada alipaka, akashika miwani yake ya jua aipanguse, basi alama ya kidole gumba ikabaki kwenye kioo cha miwani, haikutoka tena, unaona kabisa mistari ya kidole. Inakula hata zile kaptura za kubana zenye kuvutika, inafanya raba za usukani zinate. Kwa hivyo ukishapaka futa viganja vyako kabla ya kushika kitu. Ikaridini haina shida hiyo, mimi mtu wa baiskeli akiniuliza namwelekeza huko.

Na kivumbasi? Na mafuta ya mwarobaini? Nilijua mtauliza, akina mama hamuwezi kuniachia hapo. Yanasaidia, sikatai, bibi yangu alikuwa haweki kitanda bila kivumbasi karibu, lakini yanakwisha nguvu upesi na jasho ndio kabisa. Jioni mkikaa kwa mwenyeji wenu, sawa. Barabarani hapana. Vitunguu saumu na vidonge vya vitamini B havizuii mbu, mnavila bure na kumtesa anayepedal nyuma yenu.

Haya. Sasa nakuja kwa yule ambaye neno langu la kusimama halimhusu kabisa. Mbung'o. Wengine mwamwita ndorobo. Huyu ukisimama atakuona, ukienda ndio anakupenda zaidi, maana kwake yeye kitu kikubwa kinachotembea porini ni nyati, ni nguruwe mwitu, ni chakula. Mlioingia mbuga na gari mmewaona wanavyolifukuza, dereva anapaza sauti "fungeni vioo!" Sasa mpanda baiskeli anafunga nini? Na ana mbio huyu. Kwenye mteremko utamwacha, lakini kilimani unakwenda mwendo wa mtu anayebeba gunia, hapo mnakwenda pamoja, wewe na yeye na jamaa zake.

Mwajua ile njia ya kutoka Kombani kupanda Kwale, halafu ukishapita mji unaanza kupakana na msitu wa Shimba Hills. Hewa nzuri, kijani kila upande, mtu anasema hapa nimefika peponi. Tulikuwa na ndugu yetu mmoja mshabiki sana wa timu fulani ya Uingereza, sitaitaja, jezi yake ni ya buluu mnaijua. Jezi ya buluu juu, kaptura nyeusi ya kubana chini. Sisi wengine tumeumwa mara moja moja. Yeye mgongo mzima! Wanatua, unawaona kabisa, wakubwa kuliko nzi wa nyumbani, rangi ya kahawa, akitua anakunja mbawa moja juu ya nyingine na ule mdomo wake umenyooka mbele, halafu anaupitisha kwenye kitambaa kama hakipo. Unampiga kofi, anaanguka, unasema amekwisha, anainuka. Ni mgumu. Yule ndugu akawa anapiga makelele, anajipiga mgongo kwa chupa ya maji, baiskeli inakwenda kushoto kulia na lori liko nyuma.

Kwa nini yeye? Mnajua mitego ya mbung'o inavyotengenezwa? Imetundikwa huko huko Kwale, ukipita utaiona miongoni mwa miti. Ni kitambaa. Kitambaa cha rangi gani? Cha buluu na cheusi. Buluu inamvuta kutoka mbali, nyeusi inamfanya atue. Haya niambieni, mwenzetu alikuwa amevaa nini? Buluu na nyeusi! Alijivika mtego, akaupandisha kilimani mwenyewe.

Na kumbukeni kaptura zetu sote za baiskeli ni nyeusi. Maduka yote nyeusi. Kwa hivyo kwa njia ya Kwale na kwa zile njia za Tsavo, juu yake vaa suruali nyepesi ya kupwaya, rangi ya mchanga au kaki au kijani kilichofifia, na shati la mikono mirefu la rangi hizo hizo, la kitambaa kizito kidogo na lisishike mwili. Begi lako la nyuma la buluu lifunike. Dawa ya kupaka kwa mbung'o usiitegemee sana, huyu anatumia macho, rangi ndiyo dawa yake. Na pale kwenye msitu hakuna kupiga picha, pitieni.

Sasa kuna hofu nataka niiondoe, maana watu wamenipigia simu usiku wakilia kuwa wameumwa na mbung'o na watapata malale, ule ugonjwa wa usingizi. Hapana. Kenya malale ya binadamu ilikuwa zaidi upande wa magharibi, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa humu nchini aligunduliwa 2009, na 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba si tatizo la afya ya umma tena hapa kwetu. Mbung'o wa Shimba Hills anawatesa zaidi ng'ombe wa watu, na nagana, yaani malale ya ng'ombe, si mchezo kwa mfugaji, lakini wewe utavimba na kuwashwa na kutukana. Ila ukivuka mpaka ukaendelea mpaka kwenye mbuga za Tanzania za ndani huko, Serengeti na kwingineko, huko malale bado ipo, kwa hivyo ukipata homa baadaye mwambie daktari ulipita wapi.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana hili napenda kulisema. Mwamjua kuro, yule mnyama kama paa mkubwa mwenye duara jeupe matakoni? Mbung'o hamtaki. Akiwa kandokando ya nyati, nyati anaumwa, kuro haumwi. Watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wakaichunguza harufu yake, wakatengeneza kitu cha kumfunga ng'ombe shingoni chenye harufu hiyo, na walikijaribu hapa hapa Kwale na ng'ombe wakaumwa kidogo. Msiniulize kama ya binadamu ipo. Mshaniuliza sana. Na wale mnaopanga Unguja mwakani, mbung'o kule hayuko, walimmaliza miaka ya 90 kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, majike wakawa wanapandwa bila kuzaa, 1997 kisiwa kikatangazwa safi. Nendeni na jezi zenu za buluu huko.

Watu wa Taveta, nyinyi msilale, nakuja kwenu. Nyinyi shida yenu ni nyuki. Mkifika Voi, tazameni upande wa Sagalla, wakulima wa kule wamezungusha mashamba yao mizinga ya nyuki, imetundikwa kwenye waya, ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Na ndovu anakimbia. Ndovu! Na wewe na hiyo shati lako la matundumatundu unataka kupumzika chini ya mbuyu bila kutazama juu?

Mbuyu ndio kivuli cha njia ile, kuanzia Samburu na Taru mpaka Mackinnon Road huko, na mbuyu una mashimo, na mashimo nyuki anayapenda. Kundi moja lilikaa chini ya mbuyu, wakafungua spika, muziki juu. Nyuki mmoja tu, mmoja, akaingia kwenye tundu la helmeti ya mtu akakwama kwenye nywele. Yule mtu akafanya nini? Akajipiga kichwa. Nyuki akiuma au akipondwa anaacha harufu, na ile harufu ni kama kengele, wenzake wote wanaambiwa adui ni huyu hapa. Wakashuka. Waliosalimika ni kwa sababu kulikuwa na trela limesimama pale na dereva, Mungu amzidishie, akawafungulia mlango wakajazana ndani wakapandisha vioo, baiskeli zikabaki chini ya mbuyu mpaka alasiri.

Kwa hivyo kabla hujalaza baiskeli, tazama juu, sikiliza. Chini ya helmeti funga kitambaa chepesi kufunika yale matundu, zipu ya kifua ipande juu. Nyuki akiingia kwenye shati, simama taratibu, fungua, mwache atoke. Wakija wengi, usipunge mikono, usijipige, usijitose kwenye maji maana wanakungoja juu. Funika uso, kimbia, tena kimbia mbali, mpaka ndani ya nyumba au gari. Mwiba ukibaki kwenye ngozi unaendelea kusukuma sumu, ukwangue upesi kwa ukucha au kwa kadi au kwa chochote, upesi ndio muhimu kuliko namna. Na mtu akianza kuvimba midomo, akakosa pumzi, akawa na kizunguzungu, hapo hakuna kupaka kitunguu, ni hospitali, sasa hivi, simamisheni gari lolote. Wenye kujijua wana aleji ya nyuki waje dukani kabla ya safari, tuongee faragha. Na soda ya kopo msiinywe bila kutazama ndani, nyuki anaingia humo, na akikuuma kooni si sawa na kukuuma mkono.

Sasa usiku. Mmefika, mmeoga, mmekula. Umesimama kabisa, umelala. Na hapa nina hadithi ya dada wa kundi hili hili, yuko hapa, amenipa ruhusa lakini amesema nikimtaja hatutaongea tena.

Walilala Msambweni. Akafua kaptura yake ya baiskeli, akaianika chini ya mwembe, kivulini, maana jua limeshakwenda na aliona aibu kuianika uwanjani mbele ya watu. Asubuhi bado ina unyevu, akaivaa hivyo hivyo, wakaondoka. Baada ya siku kadhaa akaanza kupata vijipu kiunoni na pale kwenye kalio. Sasa mpanda baiskeli akipata kijipu pale anafikiria nini? Tandiko! Si ndiyo? Sote tungesema ni tandiko. Akapaka krimu ya tandiko, akabadilisha urefu wa kiti, akamlaumu hata fundi. Vijipu vinakua. Akaja kwangu, tukaingia ule upande wa nyuma, nikawasha tochi. Kila kijipu kina kitundu katikati, kitundu kidogo kama ncha ya sindano, kinatoa majimaji. Ukitulia ukakitazama, unaona kwenye kile kitundu kitu kinatokeza, kinarudi ndani. Kinatokeza, kinarudi. Kinapumua.

Naona mmeshika viuno vyenu wote.

Huyo ni funza wa yule nzi wanayemwita mango fly. Anataga mayai kwenye mchanga wa kivulini na kwenye nguo zenye unyevu, hasa zenye harufu ya jasho, kivulini. Ukivaa, kile kiyai kikishaangua kinaingia kwenye ngozi, hata hukisikii. Dawa yake si kukamua kwa hasira, ukimkata ndani inakuwa kidonda. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya kitundu, umnyime hewa, ngoja, atapanda juu mwenyewe kutafuta pumzi, hapo unabana ngozi taratibu pande zote mbili anatoka mzima. Au nenda kliniki, wanamjua. Yule dada walimtoka wote na sasa anapedal kuliko nyinyi.

Na kinga je? Nguo zote zipigwe pasi, mpaka kwenye mishono, joto la pasi linaua mayai. Mkilala kwa watu ombeni pasi, hata ya makaa. Lakini kaptura ya baiskeli ina ile sponji, haipigwi pasi moto, itayeyuka, na sponji ndiyo ya mwisho kukauka. Kwa hivyo kaptura inaanikwa juani kabisa, juu kwenye kamba, si ukutani wala majanini, au ndani ya chumba chenye wavu na feni, na haivaliwi na unyevu. Chukueni mbili, moja mwilini moja juu ya begi inakauka na jua la njiani.

Wengine wa usiku nawapitia mbio. Kunguni: ukiingia gesti, kabla hujakaa kitandani, inua godoro, washa tochi ya simu, tazama mishono na pembe, ukiona madoadoa meusi omba chumba kingine, na begi lako lisipande kitandani, litundike. Hana ugonjwa anaoleta lakini atakufuata mpaka kwako Majengo na mkeo atakuuliza ulilala wapi. Funza wa miguu, yule wa kwenye vumbi: msivue viatu mkakaa miguu chini karibu na zizi la mbuzi, na akishaingia atolewe kwa pini safi ya mtu mmoja, pini haizunguki kundi zima, na chanjo ya pepopunda iwe tayari. (Huyu naye ni msafiri wa masafa marefu, alitoka Amerika ya Kusini kwa meli akashuka Angola 1872, kabla karne haijaisha ameshafuata njia za misafara mpaka pwani yetu. Bila baiskeli!) Siafu: hao mvua ikinyesha wanatembea, ukikuta mstari wao usibishane nao, hamisha tenti. Nairobi fly: yule mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa, msimponde mwilini, sumu yake iko ndani, mpulize aende, mkishamgusa osheni kwa sabuni, msiguse macho.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, mtarudi Mombasa inshallah, na nikisema hapa ndipo watu wanapoumia mniamini. Malaria haianzi siku ile ile uliyoumwa. Mara nyingi ni siku 10 mpaka 15. Yani umerudi, umeosha baiskeli, umepeleka picha kwa jamaa, umesahau, ndio homa inakuja. Na mpanda baiskeli atasema nini? "Ni misuli." Kisha anameza ibuprofeni maana ndiyo anayoimeza kwa magoti. Hapana! Kama ni dengi, ibuprofeni na aspirini zinaweza kukutoa damu. Homa baada ya safari ni parasetamoli, maji, na kupima, siku ile ile. Akija mtu kwangu na homa na hajapima, mwajua nitakalomwambia.

Haya, maswali.

Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kuwasha dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, ndani ya tenti. Nikamwambia tenti ni nailoni, na moshi hauna pa kutokea, utaungua au utakosa hewa, chagua. Nje ya tenti upande wa upepo, na ndani ni wavu wa tenti ufungwe zipu kabla ya magharibi, si baada ya kula.

Mama mmoja akauliza kuhusu kupe. Nikasema kupe si mdudu hasa, ana miguu minane, lakini anaingia humu humu: mkipita majani ya ng'ombe jichunguzeni usiku, mtoeni kwa kibano karibu na ngozi mkimvuta moja kwa moja, bila mafuta ya taa.

Halafu mzee mmoja wa mbele, mzee wetu wa heshima, akainua mkono akasema yeye ana swali dogo tu. Mwezi wa Ramadhani hupedal jioni kwenda Mtwapa na kurudi, na mara nyingi vile vidudu vidogo vya jioni humwingia mdomoni, na kimoja kikapita kooni kabla hajawahi kutema. Je, kiafya kuna madhara, na je, saumu yake iko au haiko?

Nikamjibu, mzee wangu, kiafya hakuna tabu, kunywa maji ukifuturu. Hilo la pili mpeleke sheikh, kaunta yangu haina fatwa.